Maandalizi ya kumvusha Baba boda ya Busia ndani ya mkebe

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya. Jana niliona uzi wa kijana anayeuliza abebe nini akivuka kwenda Uganda mara ya kwanza, na nyinyi mkamjibu vizuri: pasi, chanjo, hela ndogo ndogo, usikubali kubebewa mzigo na mtu usiyemjua. Nikacheka peke yangu hadi mke wangu akauliza ni nani ananitumia vichekesho.

Basi nitaeleza maandalizi yangu mimi. Sitaongeza chumvi, kwa sababu haya mambo yalikuja yakiwa na chumvi yake tayari. Dada yangu Akoth yuko hai na anaweza kuapa, na akianza kuapa atasema hata yale ninayoyaruka kwa aibu.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya tisini. Mambo ya Uganda yalikuwa yametulia na watu wa Kisumu walikuwa wanavuka tena.

Mimi ni kifungua mimba. Nyuma yangu kuna Akoth, halafu Ouma.

Baba alifanya kazi kiwandani Jinja. Alikufa huko kwa ugonjwa, miaka ile ya vurugu ambapo hata mtu mzima mwenye miguu yake hakuvuka kwa urahisi, sembuse jeneza. Wenzake wa kazi wakamzika huko huko. Mama akamfuata baadaye, na yeye tukamzika nyumbani Kano, ukishapita Ahero kuelekea Awasi.

Niliacha shule Form Two. Nikaanza kutengeneza baiskeli kando ya barabara pale Kondele, Akoth na Ouma wakaendelea kusoma. Sisemi hivyo ili nipigiwe makofi. Mtu wa kwanza ndiye anaoga maji yakiwa baridi, basi.

Sasa shida yenyewe.

Ouma alikuwa mkubwa na alitaka kujenga nyumba nyumbani. Alikuwa na msichana, na wazazi wa msichana walitaka kujua binti yao atalala wapi. Lakini kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa. Mkubwa ni mimi. Na mimi sikuweza kuchimba hata shimo la nguzo, kwa sababu Dani, yaani nyanya yetu aliyemzaa Baba, alikuwa amekataa. Alisema hakuna mtu atakayejenga katika boma la mtoto wake wakati mwenye boma analala kwa nchi ya watu.

Kwa hivyo ilikuwa foleni. Ouma nyuma yangu, mimi nyuma ya Baba, na Baba aliyekuwa mbele kabisa alikuwa marehemu, tena ng'ambo ya boda.

Tungeweza kukaa kwenye hiyo foleni hadi leo. Lakini Mzee Were, aliyefanya kazi na Baba na bado aliishi Jinja, akatuma neno kupitia dereva wa lori: pale makaburini wanataka kusawazisha wajenge maghala. Mvua ikiisha tingatinga linakuja. Kama tunataka mtu wetu, tuje sasa.

Kufukua mifupa na kuivusha kulitaka serikali mbili na pesa ambazo hatukuwa nazo. Lakini ukoo wetu una njia yake. Mtoto wa kwanza anaenda, anachota udongo wa kaburi, anauleta nyumbani, unazikwa, na mtu amerudi. Najua koo zingine hufanya tofauti. Msinipige, kila mtu na kwao.

Dani akaja Kisumu kusimamia maandalizi. Alikuja na kiti chake, kuku, na masharti.

La kwanza: njiani nimwambie Baba kila mahali tunapofika. Kila mto, kila mji, kila kona kubwa. Mtu aliyelala miaka hiyo yote hajui barabara, usipomwambia atapotelea Bugiri huko huko Uganda.

La pili: asiwekwe kwenye keria juu ya basi na makreti ya kuku. Akae kitini kama mtu.

La tatu ndilo lililotumaliza: nisimkane.

"Mahali popote ukiulizwa umebeba nini," Dani akasema, "ukisema si yeye, atashuka hapo hapo. Na hatapanda tena."

Nikauliza, "Hata nikisema ni udongo?"

"Udongo? Wewe unatoka hapa hadi Jinja kuleta udongo? Kano hakuna udongo?"

Kano kuna udongo, wakuu. Mafuriko yakija unaingia hadi kitandani.

Hapo ndipo Bwana Salim akaingia. Huyu alikuwa jirani yetu kwenye plot ya vyumba vya kupanga pale Kondele, mfanyabiashara wa spea za baiskeli, mtu wa mji wa miaka mingi, na alikuwa anavuka Busia mara kwa mara. Mimi nilikuwa nanunua spoki kwake. Nilimheshimu kwa sababu ndiye peke yake kati yetu aliyewahi kukanyaga upande ule.

Aliniita pembeni. "Ochieng', mwanangu, nikwambie ukweli. Udongo hauvuki. Pale kuna afisa wa kilimo, kazi yake ni mbegu, miche na udongo. Wanaogopa magonjwa ya mimea. Akiuona ataumwaga kwenye mtaro mbele ya macho yako."

Baba amwagwe kwenye mtaro wa Busia!

"Sasa nifanye nini?"

"Sema ni dawa."

Tukampelekea Dani hilo wazo. Akalikataa. Dawa si Baba.

"Sema ni mbolea," Ouma akasema.

Dani alimtazama Ouma hadi Ouma akatoka nje.

Mnaona tulipokwama? Nikisema ni udongo, sheria inammwaga. Nikisema ni kitu kingine, Baba anashuka mwenyewe. Nikisema ni Baba, nani ataniacha nipite? Watanipeleka hospitali ya vichaa, na Baba abaki kwenye kaunta.

Karatasi zangu mimi nilipata bila shida. Shida ilikuwa karatasi za Baba.

(Nimerudi. Stima ilipotea kidogo huku kwetu.)

Mtu aliyeleta suluhisho alikuwa Baba Mdogo Oloo, ndugu mdogo wa Baba. Kabla hamjauliza kwa nini yeye hakwenda: kwanza kazi hiyo ni ya mtoto wa kwanza, pili alisema mgongo wake haupatani na Uganda. Alikuwa amestaafu uaskari wa ghala. Maisha yake yote alilinda lango ambalo hakuna mtu aliyewahi kutaka kuingia, na nadhani hiyo kiu ilimbakia.

Akasema, "Huyu kijana atatetemeka. Akitetemeka atakana. Dawa ya kutetemeka ni mazoezi. Tujenge boda hapa."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

Plot yetu ilikuwa na vyumba vya mabati pande mbili, uwanja katikati, na kule mwisho bomba la maji, bafu na choo. Oloo akafungua kamba ya kuanika nguo, akaifunga kutoka mlango wa Bwana Salim hadi mlango wa upande wa pili. Akavaa koti lake la kazi lenye vifungo vya shaba, jua la Kisumu likiwaka. Akaweka meza. Upande wa barabara ukawa Kenya. Upande wa choo ukawa Uganda.

Mimi nikapewa mkebe wa mafuta ya kupikia, ule mkubwa wenye mfuniko. Nikaujaza udongo wa pale karibu na bomba, nikaufunika, na kila jioni nikitoka kazini nikawa nasafiri. Nilikaa kwenye stuli, mkebe kwenye stuli ya pili, nikawa naongea nao.

"Baba, sasa tumepita Maseno. Baba, huu ni mto Yala, tunavuka. Baba, hapa ni Ugunja, watu wanauza ndizi."

Nikimaliza Bumala nasimama, naenda mezani.

"Jina!" Oloo anasema.

"Baba Mdogo, si unanijua."

"Hapa sina mtoto wa ndugu. Jina!"

"Ochieng'."

"Umebeba nini?"

Siku ya kwanza nilishindwa. Nilisema "ni, ni, ni" kama pikipiki iliyokataa kuwaka. Siku ya pili nikasema "ni mzigo wa nyumbani," na Dani kutoka kwenye kiti chake akasema, "Ameshuka. Anza tena kutoka Kisumu."

Siku nilipoweza hatimaye, nilisema kwa nguvu. "Nimebeba Baba."

"Baba gani?"

"Ndugu yako."

Oloo akainuka mezani. Akavua kofia. Halafu akatangaza boda imefungwa kwa sababu ya chai, akaenda kusimama nyuma ya bafu peke yake. Hakuna aliyemfuata.

Kesho yake alikuwa mkali mara mbili.

Sasa tatizo la boda, wakuu, ni kwamba ukishaiweka haijui kubagua. Choo kilikuwa Uganda. Bomba lilikuwa Uganda. Plot nzima ilikuwa Kenya.

Mama Jael, jirani aliyekuwa anakaanga samaki kando ya barabara, alikuja mbio jioni moja tumbo likiwa linamsumbua. Oloo akainua mkono.

"Kusudi la safari?"

"Oloo, wewe mzee, unaona hii karatasi mkononi unafikiria naenda kusoma?"

"Utakaa Uganda muda gani?"

"Hiyo Mungu peke yake ndiye anajua! Toa kamba!"

"Una kitu cha kutangaza?"

"Nikikaa hapa dakika nyingine nitatangaza!"

Alipita chini ya kamba. Oloo akaandika kwenye hewa kwa kidole kwamba ameingia bila ruhusa, na alipotoka akakataa kumruhusu kurudi Kenya hadi Dani alipomwombea.

Baada ya hapo watoto wa plot wakafungua njia ya panya nyuma ya bafu. Wakawa wanavusha maji kwa sufuria, watu wazima wanawatuma. Oloo akawakamata, akamwaga maji, akasema ni magendo. Plot ikakasirika. Mama Jael akasema akiona hiyo kamba tena ataikaangia samaki.

Kilichookoa boda ni landlord. Alikuja mwisho wa mwezi, Oloo akamsimamisha.

"Kusudi la ziara?"

"Kodi."

"Hiyo bidhaa hairuhusiwi kuvuka."

Landlord alijaribu kucheka. Oloo hakucheka. Koti, vifungo vya shaba, meza. Yule bwana aliangalia, akaangalia tena, akasema atapita siku nyingine. Kuanzia siku hiyo hakuna mpangaji aliyelalamika kuhusu kamba. Mama Jael mwenyewe alimletea Oloo kichwa cha samaki mkubwa, mbuta.

Mimi nikawa nimeiva. Nilikuwa naweza kuulizwa kwa ukali, kwa upole, kwa Kiingereza, na nilijibu lile lile: nimebeba Baba. Safari ikawa imebaki siku chache.

Halafu Dani akaharibu kila kitu.

Alikuwa kwenye kiti chake anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Mimi nilikuwa nimefika mto Nzoia na mkebe wangu, namwonyesha Baba maji. Dani akaacha kuchambua.

"Ochieng'. Huyo unayeongea naye ni nani?"

"Ni mazoezi, Dani."

"Sijauliza ni nini. Nimeuliza ni nani."

Wakuu, nilikuwa nimefundishwa nisimkane. Mdomo ukajibu wenyewe. "Ni Baba."

"Anajibu?"

"Hapana."

"Baba yako akiwa hai, alikuwa mtu wa kujibu haraka?"

Nikafikiria. "Hapana."

"Basi," akasema Dani.

Hata kuku walisimama.

Akaendelea polepole. "Kila siku umemwita kwa jina lake. Umemketisha. Umemwambia barabara yote hadi Busia. Mtu aliyekaa miaka peke yake kwenye shamba la kiwanda, akisikia mtoto wake wa kwanza anamwita, unafikiria hataanza kuja? Sasa sehemu yake iko hapo kwa mkebe. Mwambie ulikuwa unacheza. Mwage. Tuone."

Nikautazama ule mkebe. Udongo wa bomba la Kondele, una hata kipande cha sabuni ndani. Nilijua hivyo. Lakini mikono yangu haikuweza.

"Mwage wewe," nikamwambia Ouma.

"Mimi nimefanya nini?" akasema Ouma, akarudi nyuma.

Tukamgeukia Bwana Salim, tukidhani mtu wa msikiti atatuokoa. Akajikuna ndevu. "Mambo yenu haya mimi simo. Lakini kumwaga? Singemwaga."

Baba Mdogo Oloo ndiye aliyeniumiza zaidi. Alikuwa amesimama pale mezani ndani ya koti lake, na uso ulikuwa unabadilika. Alikuwa anakumbuka siku zote hizo amekuwa akimuuliza kaka yake mkubwa maswali kwa kelele. Akavua koti. Akalikunja. Akaja mbele ya mkebe, akainama kidogo, akasema, "Kaka, nilikuwa kazini."

Akoth alilazimika kuingia chumbani. Hadi leo anasema alikuwa analia. Mimi nilisikia anacheka ndani ya mto wa kulalia.

Hukumu ya Dani ilitoka kabla omena haijaisha. Mtu hawezi kuwa nusu Kondele na nusu Jinja. Mkebe uende Jinja. Umwagwe kaburini, uchanganywe na udongo wa pale ili awe mmoja tena, ndipo nichote wote nirudi naye mzima.

Ouma akauliza kutoka mbali, "Kwa hivyo tunampeleka Baba kumchukua Baba?"

"Wewe nyamaza," Dani akasema. "Wewe ndiye unataka nyumba."

Basi wakuu, mtu aliyekuwa anaogopa kuvuka boda na mkebe mara moja, sasa alitakiwa kuvuka nao mara mbili.

Siku ya safari Akoth aliufunga mkebe ndani ya leso ya Mama, ile kanga yake. Alisema kama watu wanasafiri, nani alisema Mama abaki. Hilo halikuwa katika masharti, na Dani hakulipinga.

Nilimwambia Baba njia yote. Abiria wenzangu walinitazama, halafu wakaacha. Mtu akiongea na mkebe kwa heshima, watu humpa nafasi.

Vijana mnaopanda bodaboda leo, pale Busia ndipo tuliziona zikiwa baiskeli, zinabeba watu kutoka geti la Kenya hadi geti la Uganda. Mimi fundi wa baiskeli nilikataa kupanda kwa sababu ile ya kwanza niliyoiona ilikuwa na breki imelegea, na sikuwa peke yangu. Nikatembea.

Upande wa Kenya afisa alikuwa anakunywa chai. Alinipigia muhuri bila kuinua macho. Mazoezi yote yale, wakuu! Nilikaribia kumwomba aniulize.

Upande wa Uganda palikuwa na mzee mmoja wa miwani, mkono wa miwani umefungwa kwa uzi. Nyuma yake kidogo, kwenye meza ndogo yenye miche na magunia ya mbegu, kijana safi mwenye shati limenyooshwa. Nikajua huyo ndiye wa kilimo.

"Mkenya, umebeba nini?"

Nikasikia sauti ya Baba Mdogo Oloo kichwani. Nikanyoosha mgongo.

"Nimebeba Baba."

Mzee akaacha kuandika. Akaangalia leso. Akaniangalia mimi.

"Anaenda wapi?"

"Jinja."

"Kufanya nini?"

Hilo swali hatukuwahi kulifanyia mazoezi. Nikasema ukweli kwa sababu hakukuwa na kingine karibu.

"Kumchukua Baba."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilidhani anaita askari. Akasema tu, "Haya. Mkirudi mpite kwangu," akapiga muhuri.

Jinja sitaongea sana. Mzee Were alinipeleka. Palikuwa na nyasi, na vigingi vya wapimaji vilikuwa vimeshapigwa kando ya lile kaburi. Nilimwaga udongo wa Kondele, nikachanganya kwa mikono, kipande cha sabuni na vyote, nikachota hadi mkebe ukajaa. Nilikuwa na hotuba. Nilisema tu, "Baba, twende. Ouma anataka kujenga."

Niliporudi Busia, mzee wa miwani alikuwa pale pale.

"Mkenya. Wewe ulipita na baba yako."

"Ndiyo, afande."

"Mlienda kumchukua baba yako."

"Ndiyo."

"Sasa mko wangapi?"

"Mimi na yeye."

"Wale wawili?"

"Wameungana."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa hesabu ikakubali. Akaomba nifungue. Nikafungua leso, nikainua mfuniko.

Yule kijana wa kilimo akainuka pale pale. "Afande, lakini huo ni udongo! Udongo hauvuki bila kibali."

Mzee hakugeuka. "Wewe umemsikia huyu akisema udongo?"

"Hapana, lakini ninauona..."

"Mimi nimemuuliza mara mbili, kwenda na kurudi. Ananiambia ni baba yake. Baba ni mmea?"

"Hapana."

"Ni mbegu?"

"Hapana, afande."

"Basi si kazi yako, ni kazi yangu. Kaa."

Kijana akakaa. Mzee akafunika mkebe mwenyewe, polepole, akarudisha leso vile Akoth alivyoifunga. Halafu akanitazama kwa macho ya ofisi.

"Huyu aliingia Uganda kwa ruhusa gani?"

"Ya kazi."

"Kazi iliisha lini?"

"Alipokufa."

"Na akaendelea kukaa."

"Ndiyo, afande. Aliendelea."

"Miaka yote hiyo, bila kuripoti popote."

Sikujua kama nacheka au nalia. "Ndiyo."

"Hilo ni kosa," mzee akasema. "Mwambie asirudie."

Akapiga muhuri kwenye karatasi yangu. Nikatoka na mkebe hadi pale katikati, kati ya geti na geti, ambapo si kwa mtu yeyote, na nikamwambia, "Baba, umeambiwa usirudie." Nilisimama pale hadi mwenye baiskeli mmoja akaniuliza kama nimepotea.

Upande wa Kenya walipiga muhuri tena bila kuinua macho. Nikamwambia Nzoia. Nikamwambia Yala, Maseno. Tulipofika Kisumu nikamwambia Baba hapa ndipo nimekaa na watoto wako. Ahero, Nyando chini ya daraja, halafu nyumbani.

Dani alikuwa amerudi Kano kutungoja. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya shimo ambalo Oloo na Ouma walikuwa wamelichimba kando ya kaburi la Mama. Oloo alikuwa amevaa shati tu. Hakuna koti.

Nikamwekea Dani mkebe mapajani. Akaushika kwa mikono miwili, muda mrefu.

"Walimsumbua njiani?" akauliza.

"Hapana, Dani. Waliuliza tu kwa nini alikaa sana."

Dani akautazama ule mkebe.

"Na mimi nilitaka kumuuliza hivyo," akasema.

Akaweka sikio kwenye mfuniko. Nasema kile nilichoona. Hakuna aliyecheka, hata Ouma. Alikaa hivyo kidogo, halafu akauachilia, akatuambia, "Haya. Mzikeni, amechoka."

Nilijenga mimi kwanza, Ouma akafuata. Dani aliziona nyumba zote mbili zikiezekwa kabla hajaenda kulala karibu nao.

Kwa yule kijana wa jana: beba pasi, beba chanjo, fuata ushauri wa wakuu. Lakini mazoezi yote tuliyofanya, kamba, meza, koti la Oloo, yalinisaidia kwa jibu moja tu. Mambo mengine yote niliyoyaogopa sikuulizwa, na swali kubwa nililoulizwa hatukuwa tumeliandaa. Jua jambo moja ambalo hutalikana hata magoti yakigongana. Hayo mengine utayaokota hapo hapo mbele ya kaunta.

Ile kamba ilirudishwa kuanikia nguo. Akoth anasema Mama Jael, hadi alipohama plot, akifika pale alikuwa anasimama kwanza, anaangalia kushoto na kulia, ndipo anapita kwenda chooni.

Walio na swali waulize. Waliowahi kumrudisha mtu wao nyumbani kwa njia yoyote, waseme walijibu nini mpakani. Na wanaotaka kunitukana kwamba ni uongo, pangeni foleni. Mbele yenu yuko Ouma, bado anasema wazo la mbolea lingefanya kazi.